Alokasia za Mabaka: Tazama Kikonyo Kabla Hujatoa Pesa

Nianze na kosa langu mwenyewe. Alokasia ni mmea wa kupamba nyumba kwa majani yake, na yangu ya kwanza ya mabaka, yaani ya majani ya rangi mbili, niliinunua kwa kuona picha moja tu. Ilikuwa ya aina iitwayo Frydek, jani limegawanyika katikati kama lililopigwa rula: upande huu kijani cha mahameli, upande ule mweupe pee. Nilizama kwenye jani lile nisiulize limeota juu ya nini. Mmea ulipofika, nikakuta vikonyo vingine viwili, vile vijiti vinavyobeba majani, ni kijani kuanzia juu mpaka chini. Jani lililofuata likatoka kijani. La baada yake, kijani. Lile zuri likazeeka na kunyauka, kama yanavyonyauka majani yote ya chini, nikabaki na Frydek ya kawaida niliyoilipia kama kitu adimu. Muuzaji hakunidanganya, picha ilikuwa ya kweli. Ni mimi niliyetazama mahali pasipo na habari.

Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye shina, vikonyo na matunguu yaliyo mizizini, na mengine nitayapitia haraka.

Kwanza, ujue mabaka ni nini

Alokasia ni jamaa wa magimbi, na ukiliona jani la Alocasia macrorrhizos huhitaji kuambiwa undugu uko wapi. Asili yake ni nchi za joto za Asia hadi mashariki mwa Australia. Jina la amazonica lisikupeleke Brazili: huyo ni chotara aliyezalishwa Miami katikati ya karne ya 20, akapewa jina la kitalu kilichoitwa Amazon Nursery.

Ile ya mabaka ni mmea uleule, ila kwenye ncha ya ukuaji, pale kila jani linapoanzia, kuna seli zilizopoteza uwezo wa kutengeneza umbijani, ile rangi ya kijani inayoupikia mmea chakula. Seli hizo zikigawanyika huzaa weupe wenzake, na za kijani huzaa kijani. Mmea mmoja, koo mbili za seli. Mwaka 1907 mwanabotania Mjerumani Hans Winkler alilitumia neno kimera kwa mimea yenye seli za asili mbili, akiliazima kwa dubwana la hekaya za Kigiriki lenye kichwa cha simba, mwili wa mbuzi na mkia wa nyoka. Kimera hiki hakihusiani na kile cha nafaka iliyooteshwa, ingawa nacho kinaanza na chipukizi.

Kutokana na hilo, hakuna mbolea, taa wala dawa itakayoupa mabaka mmea usio nayo. Mbegu nazo si za kutegemea. Na mabaka yaliyopo yanaweza kupungua, kuongezeka au kupotea kabisa, kutegemea ni koo ipi imeshika ncha ya ukuaji.

Hatua ya 1: Lea ya kijani kwanza

Chukua aina unayoitamani, lakini ya kijani, uilee mpaka itoe majani matano mapya bila kukuozea mizizi. Malezi ni yaleyale. Tofauti ni kwamba ya mabaka ina kiwanda kidogo cha chakula, kwa hiyo hukua polepole na ikiugua huchelewa kuinuka. Makosa yako ya kumwagilia yafanye kwenye mmea unaoweza kuyasamehe.

Hatua ya 2: Chagua aina inayolingana na nafasi yako

Kuna kundi la majitu: odora, macrorrhizos na gageana. Hukua haraka, huvumilia na huzaa machipukizi kwa wingi, ila zinataka nafasi. Odora yenye mabaka ikishiba inaweza kumpita mtu mzima kimo.

Upande wa pili kuna vito: Black Velvet (Alocasia reginula), Dragon Scale (Alocasia baginda), cuprea na azlanii, zote za kisiwa cha Borneo. Ni ndogo, majani magumu mazito, na hukua kwa mwendo wa kobe. Black Velvet kwao huota kwenye miamba ya chokaa, mahali ambapo maji hupita na kwenda zake. Ukiiweka kwenye udongo mzito wa bustani, mizizi itaoza kabla hujajua kuna tatizo.

Frydek iko katikati. Ina mahameli ya vito na kasi inayokaribia ya majitu, na matunguu madogo haiishiwi. Kwa mmea wa kwanza wa mabaka ndiyo ninayoipendekeza, pamoja na kero yake kubwa, utitiri, ambayo tutaifikia.

Rangi nazo zina majina yake sokoni: albo ni nyeupe, aurea ni ya njano, halafu kuna pinki na minti. Nyeupe ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayoungua kwanza. Kwangu aurea imekuwa na moyo mgumu zaidi.

Hatua ya 3: Soma kikonyo na shina

Hapa ndipo pesa inapopotea au kuokoka. Jani unaloliona limeshaondoka kwenye ncha ya ukuaji, ni habari ya miezi iliyopita. Linaloonyesha kinachokuja ni mahali ambapo vikonyo vinakutana na shina.

Usikubali picha ya jani peke yake. Omba majani matatu ya mwisho pamoja na vikonyo vyake vyote, halafu sehemu ya chini ya mmea kwa pande nne, ukizungushwa robo robo. Muuzaji anayeujua mmea wake hatakereka. Anayekereka, achana naye.

Unatafuta michirizi. Kikonyo cha mmea mzuri kina mistari myeupe inayoshuka kuanzia jani mpaka kwenye ala, ile sehemu ya chini iliyopanuka na kulikumbatia shina. Mistari myembamba mingi, iliyotapakaa pande zote, ni bora kuliko ubavu mmoja mweupe na mwingine kijani. Sababu ni hii: majani hayatoki upande mmoja wa shina, hutoka yakizunguka. Weupe ukiwa umekusanyika ubavu mmoja, jani linaloangukia ubavu huo litakuwa jeupe tupu na linaloangukia mwingine litakuwa kijani kitupu. Hapo unapata majani mawili ya kupiga picha na kumi ya kawaida. Weupe ukitawanyika kama nyuzi, kila jani hupata fungu lake.

Jani jeupe lote linapendeza, ndiyo, lakini halijilishi. Linaishi kwa jasho la majani mengine. Mmea uliotoa meupe matatu mfululizo uko njiani kufa njaa, na ukiuona unauzwa kwa bei ya juu kwa sababu ya weupe wake, mwachie mwingine. Kiasi kizuri ni theluthi moja nyeupe, pengine nusu, na kilichobaki kijani cha kuutafutia mmea riziki.

Uliza pia kama umezalishwa kwa tishu maabarani au umetokana na chipukizi la mama anayejulikana. Mimea ya maabara si mibaya, na ndiyo iliyoshusha bei za aina nyingi, lakini mingine mabaka yake hayajatulia. Ukiununua mdogo wenye majani mawili, unacheza bahati nasibu. Kama umeikubali bahati nasibu hiyo, basi lipa bei ya bahati nasibu.

Hatua ya 4: Tofautisha mabaka na ugonjwa

Alokasia hushikwa na kirusi kinachoitwa Dasheen mosaic, kinachoshambulia jamii nzima ya magimbi. Huenezwa na vidukari na visu visivyosafishwa, na hakina dawa. Ubaya wake ni kwamba dalili zake zinaweza kumpendeza asiyejua: mistari hafifu ya kijani-manjano inayofuata mishipa ya jani kama nyoya, wakati mwingine jani likijikunja au kuharibika umbo. Jani moja linaonyesha, linalofuata linatoka safi.

Mabaka ya kweli yana mipaka iliyokatwa vizuri. Rangi huwapo tangu jani linafunguka, haiji baadaye. Na mara nyingi kikonyo kinashuhudia: kuna mstari unaoanzia kwenye baka na kushuka. Baka lisilo na shahidi kwenye kikonyo lifikirie mara mbili. Vidoa vidogo vidogo kama vumbi la chaki ni utitiri. Manjano kati ya mishipa ambayo yenyewe imebaki kijani huwa ni upungufu wa madini. Vyote hivyo nimeviona vikiuzwa kama mabaka adimu, sijui kwa ujinga au kwa ujanja.

Kama mmea unavuka mpaka wa nchi, lazima uje na cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya kilimo ya huko unakotoka, utaratibu unaosimamiwa na Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea wa mwaka 1951. Nchi nyingi zinadai pia kibali cha kuingiza kabla mzigo haujasafiri. Mmea uliofichwa ndani ya soksi, ukikamatwa, unaweza kuteketezwa. Na usinunue uliong'olewa porini. Alocasia sanderiana, iliyozaa machotara wengi wa majumbani, kwao Ufilipino iko hatarini kutoweka.

Hatua ya 5: Mpokee mgeni taratibu

Uweke mbali na mimea yako mingine kwa siku thelathini. Osha majani pande zote mbili. Fungua mizizi, kata iliyoteleza na yenye harufu, bakiza iliyo ngumu.

Usiupande kwenye udongo siku hiyohiyo. Uweke kwenye kikombe kinachopenyesha mwanga, ndani ya sfagnamu, ule mmea mkavu laini kama sufi unaofyonza maji na kuyashika. Ikamue mpaka isidondoshe tone. Funika kwa boksi la plastiki au mfuko, na kuanzia wiki ya pili fungua kidogo kila siku ili majani yazoee hewa ya chumba. Jani moja au mawili yatakufa, ndiyo nauli ya safari. Mbolea isubiri hadi uone mzizi mpya mweupe ukigusa ukuta wa kikombe.

Hatua ya 6: Udongo, maji, mwanga

Mchanganyiko wangu ni vipande vya makumbi ya nazi mafungu manne, perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi) au mawe mapovu matatu, magome ya mti mawili, na mkaa uliopondwa fungu moja. Usiabudu vipimo hivyo. Mwagilia, ukiona maji yametuama juu kwa zaidi ya sekunde chache, ongeza mawe.

Maji, pima kwa mkono. Inua chungu baada ya kumwagilia ukumbuke uzito wake, kisha mwagilia tena kikiwa kimepungua karibu nusu. Matone kwenye ncha za majani alfajiri si ugonjwa, mmea unatoa maji ya ziada. Yakitokea kila siku, punguza mkono.

Joto la nyuzi 20 hadi 30 linaufaa, na likishuka chini ya 15 mmea unaanza kusinzia. Unyevu wa hewa wa asilimia 60 hadi 80 ndio unaofanya majani yafunguke bila kuchanika. Jani likikwama kwenye ala, usilivute. Lirushie maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, lenyewe litatoka.

Mwanga ndio wenye utata. Sehemu nyeupe haifanyi kazi, kwa hiyo kijani kinahitaji mwanga zaidi ya ule ambao mmea wa kawaida ungeridhika nao. Lakini sehemu hiyohiyo nyeupe ikipigwa na jua la mchana inageuka kahawia kama karatasi iliyopitiwa na pasi. Dirisha lenye pazia jepesi, au taa ya mimea kwa saa 12 kwa siku, vinatosha. Usiuweke gizani ukidhani unaulinda, njaa itauangusha.

Hatua ya 7: Otesha matunguu madogo

Unapohamisha mmea, pekua mizizi. Utakuta vijipira vya kahawia, vingine kama punje ya pilipili manga, vingine kama kokwa dogo la jozi, vimening'inia kwenye nyuzi nyembamba. Hayo ni matunguu machanga, na kila moja ni mmea.

Lichomoe taratibu. Likitoka kwa mguso tu, limekomaa, likigoma, liache. Liloweke kwenye maji usiku mmoja, kisha menya ganda kwa ukucha. Chini yake utaona kitu cha rangi ya krimu, laini na kigumu, chenye ncha upande mmoja na kovu la uzi upande wa pili. Ncha inatazama juu. Nimewahi kulipanda moja kichwa chini. Liliota, ila lilitumia wiki tatu kujigeuza.

Tandaza sfagnamu yenye unyevu kwenye kopo lenye mfuniko, yabonyeze matunguu yazame nusu, funika, weka penye joto la nyuzi 25 hadi 28. Mengine huchipua ndani ya wiki mbili, mengine baada ya miezi mitatu. Bonyeza kwa kidole: gumu liko hai hata kama limenyamaza, laini linalonuka litoe haraka lisiambukize wenzake.

Kuhusu mabaka, jiandae kwa mchanganyiko. Tunguu lililotoka ubavu wa kijani litazaa kijani, la ubavu mweupe linaweza kuzaa jeupe tupu litakaloishi kadiri ya akiba iliyomo, kisha lizimike. Ya katikati ndiyo unayoyasubiri. Ndani ya boksi moja la mama mmoja nimepata kijani saba, meupe mawili na moja tu la kuita watu waje kuona.

Hatua ya 8: Mmea ukirudi kijani, kata

Majani matatu ya kijani mfululizo, na shina halina mchirizi mpya: ncha imeshatekwa na kijani. Kuongeza mwanga hakutairudisha. Tafuta chini kwenye shina, kati ya makovu ya majani ya zamani, mahali ambapo bado pana mstari mweupe karibu na jicho la chipukizi. Kata shina juu ya hapo, kwa wembe uliofutwa na spiriti ya asilimia 70. Acha kidonda kikauke siku moja. Kichwa ulichokikata kioteshe kivyake kwenye sfagnamu, na kisiki kikae kwenye unyevu. Jicho likiamka, litaanza na seli za mahali lilipo.

Mmea unaoelekea weupe mtupu unatibiwa hivyohivyo, ila unatafuta jicho lenye kijani. Usingoje mpaka jani la mwisho la kijani life, kisiki kitakosa nguvu ya kuchipua.

Vaa glavu. Utomvu una fuwele za kalisi oksaleti, visindano visivyoonekana vinavyowasha ngozi, na mdomoni huvimbisha ulimi. Watoto wadogo, paka na mbwa wasifike karibu na vipande unavyokata.

Hatua ya 9: Utitiri

Utitiri wataifikia Frydek yako, suala ni lini. Kila wiki pitisha karatasi laini nyeupe chini ya jani. Ikitoka na mistari ya kahawia au kijani, wapo. Osha kwa maji yenye sabuni kidogo, hasa kwenye maungio ya kikonyo na jani, kisha rudia kila baada ya siku nne au tano, angalau mara nne. Wengi huosha mara moja, wakafurahi, wakasahau kwamba mayai hayafi kwa sabuni. Wanaopenda vita ya wadudu kwa wadudu hununua Phytoseiulus persimilis, utitiri mwindaji anayekula wenzake na kwisha mwenyewe mawindo yakiisha.

Hatua ya 10: Majani yote yakianguka

Watu hutupa mimea mizima hapa. Baridi au kiu ikizidi, Alokasia huangusha majani yote na kujificha ndani ya tunguu lake. Lifukue, libonyeze. Kama ni gumu, safisha, rudisha kwenye sfagnamu yenye unyevu hafifu penye joto, na uwe na subira.

Hatua ya 11: Andika

Bandika lebo siku hiyohiyo unayotenganisha kitu: jina la mama, tarehe, na picha ya kikonyo alikotoka. Matunguu yote yanafanana yakiwa uchi kwenye kopo, na mwezi mmoja baadaye hutakumbuka lipi ni la nani. Ya kijani kutoka kwa mama wa mabaka nayauza au nayagawa kama kijani, nikimtaja mama na nikisema wazi kwamba siahidi kitu. Yenye mabaka siyaachii kabla ya jani la nne. Jani la kwanza la tunguu huwa dogo, na mara nyingi hutoka kijani chote hata kwa mmea utakaopata michirizi baadaye. Anayenunua naye namtumia picha nne za sehemu ya chini, robo robo, hata asipoziomba.